Kilemba cha Gunia

Nyumbani kwetu, kwenye mteremko unaotazama upande wa Mlola, kazi yangu haikuwahi kupata jina. Dada yangu mkubwa ni muuguzi, kaka yangu ni seremala, na mama akiulizwa habari zao nje ya kanisa alijibu kwa neno moja na kuendelea na safari. Akiulizwa habari zangu, alivuta pumzi kwanza. "Yule kitinda mimba yuko Dar es Salaam," alikuwa akisema, "anapiga picha watu wenye shida." Aliyeuliza alimpa pole.

Hakuwa mbali na ukweli. Natengeneza filamu za watu halisi, wasioigiza: waponda kokoto, wakunga, wazee wanaohangaikia viwanja vyao. Filamu hizo hazijazi sufuria, kwa hiyo katikati ya moja na nyingine napiga video za harusi na kipaimara. Huko kwetu zinajulikana hizo za harusi tu. Niliwahi kurudi na filamu iliyonihangaisha kwa muda mrefu, ya wanawake wanaochota maji mbali, nikawaonyesha ndugu sebuleni. Mke wa mjomba alivumilia mpaka katikati, kisha akaniinamia sikioni akauliza keki inakatwa saa ngapi.

Basi nilipopata nafasi ya kutengeneza filamu kuhusu lumbesa nilifurahi, kwa sababu hilo walilijua kuliko mimi. Aliyekulia milima ya Usambara ameiona lumbesa kabla hajajua kusoma. Mkulima anajaza viazi gunia mpaka mdomoni. Mnunuzi anasema bado. Kinaongezwa kipande cha gunia jingine juu, kinafumwa kwa kamba kama wavu, viazi vinaongezwa, mpaka gunia linaota nundu. Nundu hiyo sisi tunaiita kilemba. Bei inabaki ya gunia moja, kilemba ni cha bure. Sheria inakataza, kila mtu anajua kwamba inakataza, na kila wiki magunia yanateremka mlimani yamevaa vilemba kama wageni rasmi.

Mhariri wangu, rafiki ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizikata na kuziunga picha zangu, aliniagiza jambo moja nilipokuwa nafunga mizigo.

"Nipe tukio moja tu," alisema. "Gunia, kilemba, mnunuzi, na mama anayelalamika. Ukinipa hilo, filamu tunayo."

Nikamchagua mama yangu mwenyewe awe mhusika mkuu. Analima viazi, anauza kwenye gulio kila wiki, na mdomo anao. Nilifika nyumbani jioni, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukala bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mboga za majani, ndipo nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Hiyo picha wataiona watu wa wapi?"

"Popote, mama. Dar, Tanga, labda na nje ya nchi."

"Sawa," akasema, akaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta uani amevaa gauni la Krismasi. Ni la buluu, linang'aa, mabega yamesimama kama masikio ya punda, na kiunoni lina ua kubwa la kitambaa. Miguuni alikuwa na mabuti ya mvua. Jembe begani.

"Mama, tunakwenda shambani."

"Najua. Shamba ni langu."

"Nilitaka uvae kama siku zote. Hii ni filamu ya ukweli."

"Na gauni si la kweli? Limeshonwa na fundi, nimelivaa, wewe mwenyewe umeliona." Akafungua geti. "Ulipopigwa picha ya kitambulisho, ulichana nywele au hukuchana?"

Nilikuwa na hoja nzuri niliyojifunza chuoni, kuhusu mtu kuonekana katika maisha yake ya kila siku, na niliimaliza yote kabla hatujafika kwenye migomba. Haikufua dafu. Mambo yakazidi kuharibika, maana jirani yetu alikuwa anachungulia juu ya ua wa matete. Huyu ni mama wa Kiislamu ambaye shamba lake limepakana na letu, na tangu utoto wangu amekuwa akibishana na mama kuhusu mpaka huo bila urafiki wao kupata ufa. Mimi humwita mama mdogo. Aliliona gauni, akaiona kamera, akapotea. Aliporudi alikuwa amevaa dera la Idi na mtandio wenye nyuzi za dhahabu.

"Onga makeo," akatusalimu kwa Kishambaa, kama mtu anayepita njia tu. "Na mimi leo nachimba viazi."

Kwa hiyo picha zangu za kwanza za wakulima wadogo wanaonyonywa na soko zilikuwa za wanawake wawili waliopambika kuliko bibi harusi wengi niliowahi kuwapiga, wakichimba viazi kwa uangalifu mkubwa ili wasichafue pindo. Kila nilipowasha kamera, mama aliitazama usoni na kusema, "Bwana asifiwe," halafu akangoja. Nikinyamaza, na yeye ananyamaza. Ikabidi niwe naitikia "Amina" kila mara ndipo aendelee. Mama mdogo alikishangaa zaidi kipaza sauti, kile kilichovishwa manyoya ya kuzuia upepo. Alikipapasa, akaniuliza ni mnyama gani na kama nyama yake ni halali. Nilipomweleza, akacheka, lakini siku ile yote aliongea nacho kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza paka.

Nilimwomba mama aeleze habari za lumbesa. Akasimama wima.

"Mimi," akaiambia kamera, "sijawahi kukubali kilemba. Kamwe. Mnunuzi akitaka kilemba namwambia akavae yeye."

"Na wiki iliyopita?" akauliza mama mdogo kutoka kwenye tuta la pili.

"Zile zilikuwa karoti," akajibu mama bila kugeuka.

Baada ya hapo ukungu ukashuka, kama unavyoshuka siku yoyote ukipenda, na sikuona tena mtu wala kiazi. Nilirekodi sauti tu: majembe mawili, na sauti mbili zikibishana ndani ya weupe kuhusu mpaka uko wapi.

Sikukata tamaa. Tukio nililotumwa kulileta lilikuwa gulioni, si shambani. Siku ya gulio tulipanda, mama mdogo akiwemo, na magunia yetu kwenye pikapu ya jirani mwingine, na mama, namshukuru Mungu, alikuwa amekubali kuvaa kitenge cha kawaida, kwa sababu gauni lilikuwa limefuliwa. Magunia yote yalikuwa yameshonwa vilemba tayari. Usipoweka, mnunuzi anakupita.

Mnunuzi tuliyezoea kumuuzia alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye koti la timu ya mpira ambalo alilivaa jua na mvua. Wakulima wanawaita watu hao matajiri, hata asiye na kitu, na yeye tulimwita tajiri. Alikuja akipiga magunia makofi huku anatembea, kama mtu anayechagua ng'ombe. Nikawasha kamera. Alipofika kwetu, akaiona.

Kofi lilibaki hewani. Kisha likashuka taratibu juu ya gunia la mama, kama baraka.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama aliniambia baadaye kwamba katika miaka yote ya kuuziana, ile ilikuwa shikamoo ya kwanza.

"Marahaba, tajiri."

"Mama, hiki kilemba cha nini? Mbona unajitesa?" Akawageukia wapakiaji wake. "Fungueni hii. Toeni. Mrudishieni mama viazi vyake. Sheria hairuhusu kabisa mambo haya."

Wapakiaji walimtazama kama mtu aliyeanza kuongea Kichina. Mmoja alikata kamba, na viazi vya juu vikamwagika kwenye kanga ya mama mdogo, ambaye alikuwa ameikinga haraka sana.

"Tajiri," nikasema nyuma ya kamera, "fanya tu kama kawaida. Usinijali mimi."

"Kawaida yangu ndiyo hii, dada."

Nyuma yetu mwanamke mmoja alianza kukohoa, akaambukiza safu nzima. Tajiri aliendelea na safu hiyo akitoa kilemba kimoja baada ya kingine kwa unyenyekevu wa mchungaji anayebatiza, nami nikamfuata na kamera nikiwa karibu kulia. Nilikuwa nimesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kupiga picha dhuluma, na dhuluma ilikuwa imevaa adabu.

Gulio lililofuata nilikuta nasubiriwa. Akina mama ambao sikuwahi kusalimiana nao waliniita dada wa kamera, wakanivuta kila mmoja kwenye magunia yake. "Simama hapa kidogo." "Ukimaliza hapo pita kwangu." Mnunuzi akikaribia, wananisukuma mbele. Na wanunuzi wote, si yule wetu peke yake, wakiiona kamera waligeuka kuwa wapwa wema. Jua lilipofika utosini betri ilikwisha. Nikaanza kukunja vifaa.

"Unakwenda wapi?" akauliza mama.

"Betri imekwisha."

"Na nani anajua kwamba imekwisha?" Akanirudisha kwa bega. "Funga mdomo, fungua kamera."

Nikabaki nimesimama mpaka alasiri, jicho moja nimelifumba, nikipiga picha za giza.

Usiku ule nilimtumia mhariri vipande vya picha nilivyokuwa navyo. Alinipigia kesho yake.

"Nimeangalia vyote," alisema. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. "Nimeona wanawake wawili waliovaa vizuri sana. Nimeona ukungu. Kisha nimeona wakulima wakiuza viazi kwa watu wastaarabu kuliko wote niliowahi kuwaona nchi hii. Tatizo liko wapi?"

Nikamwambia nitajificha. Sikuipenda kauli hiyo hata nilipokuwa naitamka, maana nimezoea kumpiga mtu picha akinitazama. Lakini siku za kazi zilikuwa zinaisha. Gulio la tatu nilimwacha mama kwenye magunia, nikaingia kibandani kwa fundi cherehani anayepakana na uwanja, nikaweka kamera nyuma ya pazia la vitambaa, lenzi ikichungulia kati ya sare mbili za shule. Fundi, mzee msikivu mwenye mkanda wa kupimia shingoni, aliendelea kushona kana kwamba watu hujificha kwake kila siku.

Nilikuwa nimeanza tu kupata picha nzuri, kilemba kikubwa kikifumwa mbele yangu bila haya, mlango ukafunguka akaingia tajiri. Alikuwa ameshika nyuma ya suruali yake kwa mikono miwili. Alipokuwa akiruka kwenye lori lake la Fuso, mshono ulikuwa umeachia kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Fundi, niokoe," alisema. Fundi akampa kitenge cha kujifunga, akaichukua suruali, na tajiri akakaa kwenye benchi, amejifunga kitenge chenye picha za mananasi, uso kwa uso na lenzi.

Tulitazamana. Sare za shule zilipepea kidogo.

"Dada," akasema, "unanitafuta mimi?"

Nilitoka nyuma ya pazia, nikaanza kukusanya vifaa.

"Mimi nashangaa," akaendelea. "Wiki tatu unanipiga picha. Umenipiga kichwa, umenipiga viatu, umenipiga mkono ukiwa kwenye gunia. Kuniuliza swali, hata moja hujaniuliza."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwandalia nafasi katika filamu yangu, na haikuwa nafasi ya mtu wa kuulizwa.

"Naweza kukuuliza sasa?"

"Uliza. Siendi popote." Akaangalia mananasi yake. "Lakini piga kuanzia kifuani kwenda juu."

Basi mazungumzo marefu kuliko yote katika filamu ile niliyapiga hapo, cherehani ikilia pembeni. Alisema gunia la bapa, lisilo na kilemba, akilifikisha sokoni mjini, wenye vizimba wanamuuliza ni nani amelikata kichwa, kisha wanalipita na kwenda kwenye Fuso la jirani. Kule nako wananunua kwa gunia, wanapima kwa jicho. Alisema amewahi kujaribu kushusha mzigo usio na vilemba, ukamwozea. Sikuamini yote. Nilimwambia kwamba mkulima ndiye anayebeba mzigo wa mwisho hata hivyo, na yeye anajua. Hakukataa.

"Najua," alisema. "Mama yangu yuko Vuga, analima viazi. Haniuzii mimi. Anamuuzia mwenzangu tunayegombania naye wateja. Nikienda kumsalimu nakuta magunia ya mwenzangu yamepangwa barazani, na mimi napewa chai." Akakaza fundo la kitenge. "Mwenzangu naye anaweka vilemba. Lakini mama anasema afadhali kupunjwa na mtu baki."

Fundi alisimamisha cherehani. Tajiri akapangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Hiyo ya mama usiiweke," akasema.

Nilimwahidi sitaiweka bila ruhusa yake. Ruhusa aliitoa baadaye, kwa sharti kwamba habari ya suruali isionekane kamwe kwenye filamu. Haionekani. Kwa kuiandika hapa pia nilimwomba ruhusa. Akasema andika tu, watu hawasomi.

Filamu ilipokamilika nilirudi kuionyesha kijijini kwanza, kabla ya kokote. Mwalimu mkuu alitupa darasa mchana wa Jumamosi, tukaziba madirisha kwa makanga, na mama akatoa shuka lake jeupe kuliko yote, alilolidarizi mwenyewe maua ya waridi. Alilipiga pasi mara mbili. Hakukubali nilipindue, kwa hiyo kila uso uliotokea ulikuwa na waridi shavuni.

Watu walijaa mpaka kwenye madirisha. Gauni la buluu lilipotokea shambani darasa lilivunjika kwa kicheko, na mama, aliyekaa mstari wa mbele amelivaa lilelile, alinyanyua mkono kama mbunge. Mama mdogo alilalamika kwamba mtandio wake umetoka upande mmoja tu. Kwenye "zile zilikuwa karoti" nilisikia bibi mmoja akimwelezea mwenzake asiyesikia vizuri, kisha kicheko cha pili, cha kuchelewa. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mashine, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu hakuna aliyeulizia keki.

Tajiri alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulipotokea kwenye shuka, waridi mbili mashavuni, wengine walizomea. Alipofika kwenye habari za Vuga, kwanza walicheka, kisha kicheko kikapungua chenyewe. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na ile ilikuwa heshima.

Taa zilipowashwa mama mdogo ndiye aliyeanza.

"Kumbe tajiri naye ana tajiri wake," akasema.

"Hilo halirudishi viazi vyangu," mama akajibu, na mjadala ukaanza, Kiswahili kwa dakika chache, halafu Kishambaa kitupu. Walimgombeza tajiri, wakagombezana wenyewe kwa wenyewe, wakamgombeza mama kwa zile karoti. Katikati ya kelele kijana wa ushirika wa mboga akasema mzani upo, uko stoo, umefunikwa na maturubai, na hakuna aliyewahi kuuomba. Tajiri akasema akipimiwa kwa kilo atanunua kwa kilo, ila wasimwachie yeye peke yake, na wenzake nao wabanwe.

Ningependa kusema mambo yalinyooka. Mzani ulitolewa, ukasafishwa, ukawekwa katikati ya gulio. Wanunuzi wengine waliuona wakapitiliza kwenda vijiji vya mbele ambako hakuna mzani, na kwa majuma kadhaa viazi vilibaki. Nyumbani tulikula viazi asubuhi, mchana na jioni. Mama alivichemsha, akavikaanga, akaviponda na maharage, na kila sahani aliyoniwekea aliiweka kwa kishindo kidogo, maana filamu ilikuwa yangu. Baadhi ya akina mama walianza kushona vilemba tena nyuma ya vibanda, na siwezi kuwalaumu. Kisha mvua za masika zikakata barabara ya vijiji vya mbele, na matajiri wakarudi kwetu wamenuna, wakasimama foleni kwenye mzani. Wengine wamebaki na mazoea hayo hata barabara ilipotengenezwa. Wengine hawakubaki. Tajiri wetu amebaki, ingawa analalamika kila wiki kwamba mzani ule unapendelea wakulima.

Filamu ilipoonyeshwa Tanga mjini nilimchukua mama twende wote. Ukumbi ulikuwa na watu wa maofisi na wanafunzi, na baada ya kuonyeshwa tuliitwa mbele kuulizwa maswali. Binti mmoja mwenye miwani alimuuliza mama alijisikiaje kuona maisha yake kwenye skrini kubwa. Mama alipewa kipaza sauti. Akakigonga kwa kidole kuhakikisha kinafanya kazi.

"Nashukuru," akasema. "Picha ni nzuri. Sasa mimi nina shida ya mnyauko. Viazi vinastawi, vinafika kimo hiki, halafu vinalala chini kama vimelewa. Hapa ndani kuna mtu mwenye mbegu isiyopata mnyauko?"

Ukumbi ulicheka. Mama hakucheka, alikuwa anangoja jibu. Mwongozaji wa kikao alijaribu kuurudisha mjadala kwenye filamu, lakini mama hakuachia kipaza sauti, akaeleza rangi ya majani, akaeleza udongo, akaeleza na alichofanya jirani yake mwaka uliopita. Mwishowe bwana mmoja mtu mzima wa safu ya nyuma, mstaafu wa mambo ya kilimo, alinyanyua mkono akasema mbegu anaifahamu na anaweza kumwelekeza wanakoiuza. Walitoka pamoja kwenda barazani, nami nikabaki jukwaani nikijibu maswali ya lenzi na mwanga.

Nilipomfuata nilimkuta anachorewa ramani nyuma ya bahasha. Kesho yake tulipitia huko kabla ya kupanda mlima. Mbegu ile sasa iko ardhini, nusu kwetu na nusu kwa mama mdogo, na imeota vizuri, isipokuwa tuta moja lililo mpakani, ambalo kila mmoja wao ananiambia kwa siri kwamba ni lake.